Mume kaalika ukoo mzima Idd mosi, mfukoni tuna laki mbili

*Shikamoo Shangazi. Nina mwaka wa pili kwenye ndoa, tunakaa Mtanda, Lindi. Miaka yote Idd ya ukoo wa mume wangu ilikuwa kwa mama mkwe, ila sasa miguu inamsumbua na tunaishi naye. Mume wangu, bila kuniuliza, kaandika kwenye kundi la familia kwamba Idd el Fitri ya Machi hii wote waje kwetu. Nimehesabu, ni watu kama arobaini na watoto, wengine wanatoka Nachingwea na Ruangwa. Mawifi wameshaanza: sare ya kitenge, mbuzi wawili, keki na spika. Sisi tuna laki mbili. Mama mkwe aliwalisha wote peke yake na hakuwahi kulalamika, naogopa mimi nitaitwa mchoyo. Kuna dada anakopesha, nafikiria kuchukua laki tatu nirudishe kila wiki. Nishauri. Mwenyeji Mtarajiwa.*

Marahaba mwanangu.

Mkopo huo usiuchukue. Watu wameuita kausha damu kwa sababu wameona unachofanya: wiki ya kwanza unalipa, ya pili unakopa kwa jirani ili ulipe, ya tatu wanakuja kubeba godoro na sufuria. Nawe unajua Machi ilivyo huku kwetu. Hela ya korosho imeshakwisha nyumba nyingi, na ufuta bado uko shambani. Marejesho ya kila wiki yatatoka wapi? Wageni watakuwa wamesharudi Nachingwea, na mlangoni utabaki wewe na huyo dada.

Sasa tuongee habari ya laki mbili, maana inatosha kuliko unavyodhani.

Kwanza tengeni fitri. Ni pishi moja ya chakula kwa kila mtu wa nyumba yenu, karibu kilo mbili na nusu hadi tatu, na itoke kabla ya swala ya Idd. Hiyo ni haki ya maskini, isiguswe kwa ajili ya karamu. Kinachobaki ndicho cha wageni.

Kilo moja ya mchele ikipikwa pilau hushibisha watu wazima saba au wanane. Kwa arobaini, na wengi wao watoto, kilo sita zinakutosha, na nyama kilo nne. Pika kwenye sufuria mbili za kilo tatu tatu. Sufuria moja kubwa ya kilo sita inataka mkono uliozoea. Asiyezoea huunguza chini na kupata bokoboko juu. Kuni uwe nazo kavu ndani mapema, maana mvua ya Machi haina adabu, na makaa ya kupalia juu ya mfuniko usiyasahau. Pakulia kwenye sinia, watu wanne au watano kila sinia. Hapo huhitaji sahani arobaini, unahitaji sinia tisa au kumi za kuazima kwa majirani. Kachumbari, ndizi mbivu, mbaazi za nazi pembeni kwa wazee wasiopenda nyama, na juisi ya ukwaju. Visheti unaweza kuvikaanga siku tatu kabla ukavifunika vizuri kwenye ndoo. Sahani za korosho za kukaanga zikizunguka barazani, hakuna atakayeuliza keki.

Mbuzi wawili waache. Kuchinja ni kwa Idd el Haj. Mbuzi mmoja tu wa maana angemeza karibu hela yenu yote, na wewe bado hujanunua hata kitunguu.

Vitu vikavu nunua kuanzia tarehe ishirini na tano ya Ramadhani, kabla soko halijajaa. Nyama usilipie mpaka mwezi uandame. Ongea mapema na mwenye bucha, mwambie unataka kilo nne ama kesho ama keshokutwa, ataelewa, kila mwaka wanaambiwa hivyo. Halafu uliza taratibu nani kwenye ukoo anafuata mwandamo wa kimataifa, yaani mwezi ukionekana popote duniani. Hao huenda wakala Idd yao siku moja kabla ya wengine. Waje tu siku ya pilau, na suala la mwezi lisijadiliwe kwenye baraza lako.

Nimekaa na barua yako kwa muda kwenye ile sentensi ya mama mkwe. Unasema aliwalisha wote peke yake. Mwanangu, muulize. Kaa naye jioni baada ya kufuturu, mwambie, "Mama, ulikuwa unafanyaje?" Naamini atakutajia nani alikuja na nazi, nani alileta kuku, shemeji gani alipasua kuni, jirani gani alikesha naye akichambua mchele. Sijaona mwanamke aliyelisha ukoo peke yake; nimeona wengi ambao waliowasaidia walisahauliwa. Ukishasikia, mwombe aje jikoni awekewe kiti, yeye ndiye apime viungo vya pilau. Miguu inamsumbua, mkono wake bado mzima. Mawifi zako wanaogopa kwamba Idd ya mama yao imekwisha, ndiyo maana wanaijazia keki na spika. Wakimkuta mama amekaa pale anaamuru chumvi, nusu ya manung'uniko itaisha yenyewe.

Lakini kabla ya yote, mumeo. Yeye ndiye aliyealika, hivyo hesabu aijue yeye kwanza, leo, wakati mko wawili. Usimlaumu kwa kutokukuuliza. Hilo mtaliongea baada ya sikukuu, na mliongee kweli. Mpe karatasi: fitri kiasi hiki, mchele, nyama, mafuta, viungo, nauli ya kwenda sokoni. Halafu ujumbe kwenye kundi aandike yeye, maana ndugu ni zake. Uwe mfupi: "Ndugu zangu, Idd mosi karibuni chakula cha mchana saa saba. Pilau iko tayari kwetu. Dada mkubwa tunakuomba nazi, mdogo matunda, wa Ruangwa mje na kuku wawili. Atakayependa sare ajinunulie." Saa aitaje, vinginevyo utakuwa na watu wanaodai chai tangu saa mbili wakitoka kuswali.

Spika, kama wanaitaka, waje nayo wao, na izimwe Magharibi. Ila kwanza tazameni kama hapo jirani hakuna msiba.

Mumeo akiona aibu kuomba ndugu zake wachangie, usibishane naye usiku kucha. Nenda kwa mjomba wake. Kusini huku neno la mjomba lina uzito, na mjomba mwenye busara atampigia simu asubuhi na kumwambia kuchangia karamu ya ukoo hakumpunguzii mtu heshima.

Siku yenyewe usikubali kuwa jikoni tangu alfajiri hadi usiku. Chagua mapema wasichana wawili wa kupakua na vijana wanne wa kuosha sinia na sufuria, uwataje kwa majina, mumeo awasimamie. Nawe oga, vaa nguo yako ya Idd, ukae barazani na wageni wako.