Kama Mungu anajua yote, maombi yanabadilisha nini?

Ndugu mleta mada, pole sana kwa kuuguza. Umeuliza kama kumwombea dada yako mwenye ugonjwa wa figo kunabadilisha kitu, ikiwa Mungu anajua yote na ameshaamua. Nakujibu kama Mkristo wa hapa Arua niliyemuuguza mama aliyepooza.

Yesu alisema Baba anajua tunayohitaji kabla hatujamwomba (Mathayo 6:8), na papo hapo akafundisha Baba Yetu. Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alilieleza hili vizuri kuliko wahubiri wengi niliowasikia: hatuombi ili tugeuze mpango wa Mungu, tunaomba ili tupate yale aliyopanga yapatikane kwa kuomba. Muhogo anaukuza Mungu, lakini jembe lazima lishikwe.

Ila kuomba si kumlazimisha. Soma Matendo 12 taratibu. Herode anamuua Yakobo kwa upanga, kisha anamfunga Petro. Kanisa linaomba kwa bidii, Petro anatolewa na malaika. Yakobo hakuwa na wa kumwombea? Siamini. Luka, aliyeandika Matendo, haelezi kwa nini mmoja alikufa na mwingine akatoka. Hapa Uganda, Askofu Mkuu Janani Luwum alikuwa mtu wa maombi, na akauawa Februari 1977. Yesu mwenyewe Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke, akakinywa. Kwa hiyo huyo mchungaji aliyekuambia imani yako ni ndogo, utoe kwanza sadaka nono, amekukosea wewe na amemkosea Mungu.

Kuna waliojaribu kuyapima maombi. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2006, wa wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo, haukuona nafuu kwa walioombewa. Sikushtuka. Waombaji walikuwa watu wa mbali, wamepewa jina la kwanza na herufi moja ya jina la ukoo. Biblia haijaahidi kwamba Mungu atajibu kwa kipimo cha namna hiyo.

Kwetu akina mama wa kanisa walikuja kila wiki. Siku moja mmoja alikuwa akiomba huku ameshika mguu wa mama, mkono ukagusa kisigino kilichoanza kuchubuka. Sisi wa nyumbani hatukuwa tumekiona. Kesho yake wakaleta godoro laini na kutuonyesha jinsi ya kumgeuza. Mama hakutembea tena, lakini kile kidonda kilipona. Mimi nalihesabu hilo kuwa jibu la maombi, wala sioni haya kulisema.

Basi mwombe Mungu waziwazi amponye dada yako, usizungukezunguke. Asikose hata siku moja ya kusafishwa damu, mtu yeyote asikudanganye kwamba dawa ni kukosa imani. Na kama unaona sawa, nitumie jina lake la ubatizo kwa siri. Tunakutana Jumatano jioni, tutamtaja.