Mnyama wako wa lava atakufa kwenye mazuku

Ndugu, ngorume wako, huyo mnyama wa kufugwa uliyemtunga, mwenye pembe za moto, anayekula mawe ya lava na kujaza ndoo ya maziwa kila asubuhi, simwamini. Mawe hayatoi maziwa. Mlishe ule utando wa kijivu unaotangulia kuota juu ya lava iliyopoa. Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, uko tele juu ya lava ya mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa 2002. Ila ni chakula hafifu, basi akupe kikombe tu, tena cha maziwa mazito.

Mimi ningeanzia kwenye mazuku. Ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inatulia mabondeni, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Mbuzi anaona majani mabichi shimoni, anainamisha kichwa, hainuki tena. Mchungaji aliyesimama pembeni huenda asihisi kitu. Kwa hiyo mpe miguu mirefu, alale amesimama, na ambebe mtoto wake mgongoni mpaka jua lipande. Zile pembe za moto ziondoe, hazina kazi. Halafu tuambie, wenyewe wanamkamua saa ngapi?