Muuza duka kaniita "leng neui", mume kanuna

SWALI: Anti shikamoo. Nachukua mzigo wa viatu Guangzhou naleta Kariakoo. Juzi niko dukani naongea na mume wangu kwa vidio koli, kijana wa duka kaniita "leng neui, leng neui!" Mume kaenda kugugo, kakuta maana yake mrembo, mpaka leo hasemi na mimi vizuri. Hivi kweli nilikuwa natongozwa? Na mimi hawa watu niwaiteje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mwambie baba watoto ashushe presha. Maana ni hiyo hiyo, ila kwa Kikantoni, Kichina cha huko, neno limeshachakaa, Guangzhou na Hong Kong mwanamke yeyote akipita mbele ya duka ni leng neui, awe binti wa miaka 18 au mama wa 50, ni kama pale Kariakoo unavyoitwa "dada mrembo karibu" na mtu anayeangalia pochi tu. Wanaume nao wanaitwa leng jai. Tena kwenye migahawa ya Hong Kong mhudumu akiagiza jikoni "leng jai" anataka bakuli la wali mweupe, na "leng neui" ni uji mtupu wa mchele, sasa mume atauonea wivu na uji?

Ila leng jai uwe makini, leng ni ya sauti ya kati, ukiipandisha juu umemwita mtoto wa watu kihuni wa juzi juzi.

Muuzaji wa kike na wewe mwite leng neui hata kama umri umeenda. Mwenye duka ni lou baan, yaani bosi. Dereva au kuli mwite dai lo, kaka mkubwa, wahuni wa magenge nao ndo wanavyomwita mkuu wao lakini mtaani haina shida. Balaa liko kwenye umri: ah yi ni kama mama mdogo, ina heshima, ila mdada wa miaka 35 ukimwita hivyo umemzeesha. Na si nai usiguse kabisa, ni mama wa nyumbani lakini kwa kumshusha, yule asiyejua kuvaa na anayegombania senti, halafu unataka akupunguzie bei!

Wazungu wanaitwa gwai lo, gwai ni zimwi, wengine wameshazoea wanajiita wenyewe, wengine linawaudhi. Ila hak gwai, zimwi jeusi, hilo ni tusi kwetu na hakuna cha utani hapo. Ukilisikia hama duka, viatu vipo mtaa mzima.