Mlima hauna kuni

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Daftari la jiografia la mwanangu lina sentensi hii: "Moshi wa mlima Pinatubo ulibadili hali ya hewa ya dunia." Je, haikupaswa kuwa tabianchi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Ni tabianchi. Hali ya hewa ni mvua ya leo asubuhi. Tabianchi ni mwenendo wa miaka. Pinatubo uligusa wastani wa joto la dunia nzima, ukashuka kwa takriban nusu digrii ya Selsiasi mwaka uliofuata mlipuko wa volkano hiyo. Hilo limekwisha.

Hukuniuliza kuhusu "moshi", nami siwezi kuupita. Redioni moshi, magazetini moshi, sasa hata daftarini! Moshi hutoka kwenye kitu kinachoungua. Kuni huungua, mkaa huungua, wali uliosahauliwa jikoni huungua. Ndani ya volkano haungui mtu wala kitu: kuna mwamba ulioyeyuka, na gesi zilizobanwa humo zikitafuta pa kutokea. Zikifumuka, mwamba unasagika, ndipo tunapata "majivu". Neno hilo nalivumilia kwa shingo upande kwa kuwa limeshaota mizizi. Lakini shika jivu la jikoni: laini kama unga. La volkano linakwaruza vidole, maana ni chembe za mwamba na kioo.

Tena "moshi" unamficha mhusika. Pinatubo ulipolipuka tarehe 15 Juni 1991, kisiwani Luzon, Ufilipino, majivu mengi yalianguka upesi. Kilichobaki juu ni gesi ya salfa, kati ya tani milioni 15 na 20, iliyorushwa hadi stratosfia, juu kuliko mawingu, pasipo na mvua ya kuiosha. Huko ikageuka matone madogo mno ya asidi, na pepo zikayazungusha dunia nzima ndani ya wiki tatu hivi. Matone hayo yalirudisha angani sehemu ya mwanga wa jua, huku chini tukipoa. Yenyewe yakafyonza joto, stratosfia ikaongezeka joto, na mwendo wa pepo za juu ukabadilika.

Sasa niambie, matone yanayoelea hewani tunayaitaje? Ukungu! Na salfa ina jina lake la kale, kiberiti, tulilolipata kwa Waarabu kabla njiti hazijalichukua. Anayesoma Biblia anakikumbuka kiberiti kilichonyesha Sodoma. Washa njiti uinuse: ile harufu inayochoma pua ndiyo yenyewe. Maneno yote mawili yamo nyumbani mwetu, na bado tunakimbilia moshi.

Mwanao afute, aandike: "Ukungu wa kiberiti uliotoka Pinatubo uliipoza dunia." Mwalimu wake akimkosesha, niletee daftari hilo nimwandikie mwenyewe.