Mombasa kwa siku mbili: tazama mwezi kabla ya kukata tikiti

Wageni wengi wanaopanga wikendi Mombasa huanza na hoteli, kisha tikiti, kisha orodha ya mahali pa kupiga picha. Bahari huachwa ijipange yenyewe. Matokeo yake ni mtu kufika ufuoni saa nne asubuhi, taulo begani, na kukuta maji yamekimbia mpaka kwenye mwamba. Kilichobaki ni mchanga mtupu, madimbwi na wale viumbe weusi wenye miiba mirefu wanaosubiri nyayo.

Bahari ya Mombasa hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila kesho huchelewa kwa kama dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ndiyo bamvua: tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Siku hizo maji hukupwa kabisa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi, alasiri na alfajiri. Mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: ndiyo maji mafu, bahari haisogei sana, na hujaa mnamo saa nne asubuhi. Kwa saa kamili tazama jedwali la maji kwenye simu. Kwa kupanga wikendi, kuutazama mwezi kunatosha.

Ratiba nzima inatokana na hapo. Wikendi ya bamvua, kuogelea ni Jumamosi kuanzia saa nane mchana hadi jioni, na mji unatembelewa asubuhi. Usiseme utaogelea Jumapili asubuhi kabla ya treni, maana hutayakuta maji. Wikendi ya maji mafu, Jumamosi yote ni ya mji, na Jumapili kati ya saa mbili na saa tano ndiyo ya bahari. Miezi nayo ina lake: Aprili na Mei ni masika, na kusi likivuma mawimbi huleta mwani mwingi ufuoni. Kati ya Desemba na Machi, wakati wa kaskazi, maji huwa safi lakini jua ni kali kwelikweli.

Kwa anayetoka Nairobi, treni ya saa tisa alasiri siku ya Ijumaa humfikisha Miritini usiku, na bado mji uko mbali. Foleni ya malori ya Changamwe inaweza kula saa nzima, kwa hiyo usiahidi mtu chakula cha jioni. Ile ya saa nne usiku inaonekana kuokoa gharama ya hoteli, lakini inakushusha kabla hakujapambazuka, na hoteli nyingi hazikupi chumba mpaka mchana. Ukiichagua, piga simu mapema uulize kama wataweka mzigo wako na kukuruhusu uoge. Anayeweza kuchukua ruhusa Ijumaa nzima apande ya saa mbili asubuhi: husimama vituo vya njiani na huvuka Tsavo mchana, ndovu wakionekana wekundu kwa udongo wa huko. Kaa upande wa kulia. Mawingu yakikupa nafasi, Kilimanjaro huonekana upande huo. Tikiti za wikendi huisha mapema, na za sikukuu mapema zaidi.

Jumamosi asubuhi anza na tumbo. Mbaazi za nazi na mahamri ni chakula cha asubuhi, na penye mpishi mzuri saa nne huwa zimekwisha. Hamri nzuri ina uwazi ndani na harufu ya iliki. Ukiiminya ikabaki imebonyea, ni ya jana.

Fort Jesus hufunguliwa saa mbili asubuhi, na hiyo ndiyo saa ya kuingia. Kufikia saa tano, uwanja wa ndani ni kama tanuri: kuta za matumbawe zinarudisha joto na miti ni michache. Beba kitambulisho ili ulipe kiingilio cha mwananchi, na uwe na salio kwenye simu. Nje ya lango watakufuata watembezaji. Wengine wanaijua ngome kuliko vibao vyake, lakini uliza bei na muda kabla ya hatua ya kwanza, na useme wazi kama unataka ngome peke yake au pamoja na Mji wa Kale.

Wareno waliijenga kuanzia mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Waingereza wakaigeuza gereza mwaka 1895, na gereza ikabaki hadi 1958. Watu wengi hukimbilia mizinga, wakapiga picha na kutoka. Tenga muda kwa vitu viwili. Cha kwanza ni michoro ya ukutani ya askari wa Kireno: merikebu, samaki na watu, kazi ya mikono iliyochoshwa na kukaa mbali na kwao. Cha pili ni vyombo vilivyotolewa kwenye Santo Antonio de Tanna, merikebu iliyokuja kuokoa ngome ikazama mbele yake mwaka 1697. Saa moja na nusu inatosha.

Ukitoka, ingia Mji wa Kale kwa Ndia Kuu. Usitafute kitu maalum. Tazama juu, kwenye roshani za mbao, na pembeni, kwenye milango iliyochongwa. Msikiti wa Mandhry, wa mwaka 1570 kwa hesabu inayokubalika, uko humohumo Mji wa Kale na mnara wake ni mfupi mnene. Hapa ni makazi ya watu. Funika mabega na magoti, omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu au ya ndani ya nyumba, na salamu itangulie swali. Ijumaa kuanzia kama saa sita na nusu maduka hufungwa kwa swala, na mwezi wa Ramadhani usitarajie chakula cha mchana mtaani. Subiri magharibi, ndipo mji unapofumuka.

Marikiti, soko la viungo, nunua vitu vizima badala ya vilivyosagwa, maana cha unga hujui kimechanganywa na nini. Iliki iwe ya kijani, imenona na imefunga mdomo. Iliyopauka na kupasuka imeshapoteza harufu. Karafuu iwe na kichwa chake, na ukiibana kwa ukucha itoe mafuta kidogo. Gramu 50 za iliki zitakutosha chai na pilau kwa muda mrefu, na bei ya kwanza si bei.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Biashara Street kwa leso, yaani kanga. Wikendi nyingi huharibikia hapa, kwa sababu mtu wa bara hununua rangi akasahau maneno. Leso ina pindo, mji katikati, na jina, yale maandishi ya chini. Zote tatu huvaliwa pamoja, na anayepewa atalisoma jina kabla hajakuambia asante. Mpelekee mama mkwe “Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake” uone kama mtakaa kwa amani. “Sisi sote abiria, dereva ni Mungu” haimchomi mtu. Mwambie muuzaji unampa nani. Atakutolea yanayofaa, na kuchambua majina naye ni burudani tosha. Kisha geuza kitambaa: kwenye pamba nzuri rangi imepenya hadi nyuma. Leso huuzwa pea ikiwa haijakatwa, kwa hiyo uliza ni fundi gani wa karibu atakayekata na kupinda huku ukingoja. Ukifika nyumbani ifue peke yake mara ya kwanza, maana rangi hutoka. Maliza haya Jumamosi, kwani Jumapili maduka mengi ya mtaa huo hubaki yamefungwa.

Jioni nenda Mama Ngina, bustani ya kando ya bahari, chini ya mibuyu, kama saa kumi na moja. Mkondo wa Kilindini ni mwembamba, na meli ya makontena ikiingia utahisi unaweza kuigusa. Watu huenda huko kula: mhogo wa kuchoma uliopasuliwa na kupakwa pilipili na ndimu, kachiri, viazi karai na ukwaju. Ukiagiza dafu, mwambie muuzaji unataka la maji au lenye nyama laini ya kukwangua; yeye hupiga ganda kwa kisu akasikiliza. Akikupa lenye nyama ngumu ya kutafuna, hilo ni koroma, limepitwa na udafu, nawe una haki ya kulirudisha. Tuktuk ya kurudi elewana bei kabla hujakaa.

Kuvuka Likoni kwa feri, ukiwa kwa miguu, ni bure, na kwenda na kurudi ni safari nzuri kwa asiye na haraka. Epuka asubuhi ya kwenda kazini na jioni ya kutoka, na simu ikae mfukoni, maana kupiga picha kwenye feri huleta mabishano na walinzi.

Kwa upande wa bahari, ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, Pirates kwa jina la mtaani, una matatu za kutosha kutoka mjini, lakini Jumapili mchana ni umati. Mashua ya kioo chini hufaa maji yakiwa yamepungua, mwamba ukiwa karibu. Uliza mambo matatu kabla ya kupanda: jaketi la kuokolea la kila mtu liko wapi, bei ni ya mtu au ya mashua, na kama ada ya hifadhi ya bahari imo. La tatu likisahaulika, hudaiwa mkiwa tayari majini. Tembea na ndara zenye mkanda kwenye mwamba, kamwe si miguu mitupu.

Ikiwa wikendi yako ni ya bamvua na Jumapili asubuhi hakuna maji, nenda Haller Park, Bamburi. Palikuwa machimbo ya mawe ya saruji, pamekauka, na René Haller akaanza kupanda miti mwaka 1971. Mivinje ilikubali, lakini majani yake hayakuoza mpaka majongoo walipoletwa kuyala na kuyageuza udongo. Getini uliza kwanza saa ya kulisha twiga, kisha upange matembezi kuizunguka.

Treni ya kurudi ya saa tisa inakutaka utoke Pirates kabla ya saa sita, na mjini saa sita na nusu haizidi. Kituoni mizigo hupangwa chini kwa mstari mbwa wakainusa, kisha hupitishwa kwenye mashine, na foleni haimjali aliyechelewa. Visu na pombe haviingii. Ile mbuzi ya kukunia nazi uliyoipenda sokoni ina ulimi wa chuma wenye meno. Itume kwa basi.