Kuondoa "aaa" na "yaani" bila kuiharibu sauti ya mzee

SWALI: Habari, mwalimu. Nilimrekodi mzee mvuvi pale Dunga, Kisumu, kwa ajili ya kipindi cha redio ya kijamii. Karibu kila sentensi ana "aaa" au "yaani". Nimeziondoa kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti kwenye kompyuta, lakini sasa maneno yake yanarukaruka, na kila nilipokata kuna mlio mdogo wa "tik". Nifanyeje?

JIBU: Dada, fungua ile rekodi ya kwanza ambayo hujaigusa, uanze upya. Sauti iliyokatwa vibaya ni vigumu kuirudisha, na mazungumzo ya mzee kama huyo hayapatikani mara mbili.

Huo mlio ndio rahisi. Sauti unayoiona kwenye skrini ni wimbi linalopanda na kushuka likipita mstari wa katikati. Ukilikata likiwa juu, ukaliunganisha na sehemu iliyo chini, spika inashtuka, na mshtuko huo ndio "tik" yako. Chagua sehemu ya kutoa, bonyeza herufi Z, na Audacity itasogeza ncha zote mbili hadi wimbi linapokatiza mstari. Hapo ndipo ubonyeze Delete.

Kurukaruka ndiko kwenye kazi. Maneno yetu huishia kwa irabu, kwa hiyo "aaa" ya mzee mara nyingi huning'inia kwenye neno lililotangulia: "tulienda-aaa ziwani." Ukiifyeka yote, msikilizaji anabaki na "tuliend". Kuza picha ya wimbi kwenye skrini, vaa hedfoni, iache irabu ya neno itimize urefu wake wa kawaida, kisha ukate pale inapoanza kuburutwa. Halafu angalia pumzi. Ukitoa "aaa" ukaacha pumzi mbili zikifuatana, mzee anasikika kama anahema. Ukizitoa zote mbili, hasikiki tena kama mtu. Acha moja, nzima, tangu inapoanza hadi inapoisha.

Pengo nalo usilizibe kabisa, mtu huhitaji kupumzika kati ya fikra mbili. Wala usitumie Ctrl+L, inayofuta sauti na kuacha kimya kitupu. Ufukweni kuna upepo na ndege. Vikikatika hata kwa nusu sekunde, sikio linasumbuka kuliko lilivyosumbuliwa na "aaa" yenyewe. Tafuta mahali mzee amenyamaza na ziwa linasikika, nakili kipande hicho, ukibandike penye pengo. Na kama injini ya boti inapita nyuma ya sauti yake, iache "aaa" ilivyo, kwa sababu ukikata, boti nayo itaruka.

"Yaani" inataka uamuzi wako. Akizungumzia samaki, akasema "ngege wa zamani, yaani wale wa kabla ya mbuta kuletwa," anafafanua, na ukiitoa sentensi inalemaa. Toa ile anayoirudia akitafuta la kusema. Akisita kabla ya kusimulia jambo lililomuuma, usiguse hata kidogo: kusita huko ni sehemu ya habari.

Mimi kwanza husikiliza rekodi nzima bila kutazama skrini, nikiandika dakika na sekunde ya kila "aaa" iliyonikera. Hizo tu ndizo ninazokata. Ukiyafuata macho utakata nyingi mno, maana kwenye skrini kila "aaa" inaonekana kubwa.