Upepo wa bondeni usiujengee mlimani

Juzi dogo mmoja injinia kanitumia meseji: "Kaka, nimepewa data za upepo za kituo cha kilimo, naweza kudizainia paa la zahanati huku Lushoto?" Nikakaa kimya kidogo, maana mimi hilo swali sikumuuliza mtu.

Kazi yangu ilikuwa paa la madarasa mawili, juu kabisa kwenye mgongo wa kilima, Usambara hukohuko. Data yangu ilisema upepo mkubwa mita 12 kwa sekunde, nikajaza kwenye hesabu nikasaini, sikwenda hata kuangalia anemomita, yaani kile kipima upepo, imefungwa wapi, kumbe iko bondeni, mita 2 tu juu ya majani. Mwezi wa nane kusi ilipokaza paa likang'oka zima, mbao za kenchi na papi bado zimeshikana. Jumapili, nashukuru Mungu. Mwalimu mkuu hakunigombeza, alinipeleka tu shambani kwa jirani akanionyesha bati zilipolala kwenye mahindi, na mpaka leo inaniuma.

Sasa angalieni. Kutoka mita 2 kwenda mita 10, ambayo ndo kipimo cha kawaida, kwenye majani mafupi unazidisha kama 1.38, hiyo 12 inakuwa 16.6. Halafu kilima, upepo ukipanda mteremko unabanwa unakimbia zaidi, kule Askervein, Scotland, kilima cha mita 116 tu, walipima miaka ya 1982 na 1983 wakakuta kileleni spidi imeongezeka karibu asilimia 80! Mimi weka 40 tu, unafika 23. Na presha inaenda kwa spidi mara spidi, kwa hiyo paa langu lilikuwa linabeba karibu mara 4 ya nilichoandika, na hapo ni wastani wa dakika 10, ule mkupuo wa ghafla wa sekunde 3 bado sijauhesabu.

Jamani tunapenda namba kuliko eneo. Nenda kilimani, funga anemomita yako, kaa nayo miezi, linganisha na kituo saa kwa saa, na kila upande wa upepo uwe na uwiano wake, kwa sababu kusi na kaskazi hazipandi kilima kwa njia moja. Ukiwa huna muda chukua kizidisho cha kilima kwenye kanuni za ujenzi, usikiache 1 kama vile uko tambarare.

Dogo, nitumie kwanza picha ya hiyo anemomita, na ya kilima ukisimama upande upepo unakotokea.